Kompyuta kuu: nani apite mbele ya foleni?

Kila asubuhi kwenye robine za maji za mji wa Goma, wakaaji wanapanga bidoni zao na kuanza kungoja. Yuko mama mwenye bidoni moja, yuko pia kijana muuza maji mwenye bidoni kumi na tano juu ya chukudu yake. Nani atangulie? Ugomvi wa namna hiyo upo pia katika maabara kubwa za dunia, bila matope na bila kelele. Kule kinachogombaniwa ni saa za kompyuta kuu.

Kompyuta kuu ni maelfu ya kompyuta zilizounganishwa ndani ya jumba moja ili zifanye hesabu moja kwa pamoja. Ile inayoitwa Frontier, katika maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, ilikuwa ya kwanza katika orodha ya Top500 kuvuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde, mwaka 2022. Inakula umeme wa megawati zipatazo 20. Kituo cha Ruzizi ya kwanza, ambacho wakaaji wa Bukavu wanakijua vizuri kwa sababu ya giza lao la kila wiki, kilijengewa uwezo wa megawati karibu 30. Mtafiti mmoja hawezi kujinunulia mashine ya namna hiyo, hata chuo kikuu tajiri hakiwezi kirahisi. Kwa hiyo inatumiwa kwa zamu, na hapo maneno yanaanza.

Huko Marekani, sehemu kubwa ya saa za Frontier, karibu asilimia 60, hutolewa kupitia mpango unaoitwa INCITE, ulioanzishwa mwaka 2003. Mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuomba. Wanasayansi wenzake wanausoma mradi wake na kupima uzito wa swali lake. Kisha wataalamu wa mashine wanapima jambo lingine: je, programu yake inaweza kweli kutumia maelfu ya mashine kwa wakati mmoja? Wizara ya nishati, ambayo ndiyo inalipa, ina fungu lake pia kwa kazi inazozipa kipaumbele. Sehemu ndogo inayobaki iko mikononi mwa mkurugenzi wa kituo, hasa kwa wanaotaka kujaribu.

Kipimo cha pili si cha kuwafukuza watu bure. Maji yasiyochotwa leo yanabaki kwenye tangi, lakini saa ya kompyuta isiyotumiwa imepotea, na umeme wake umeshalipwa. Ndiyo maana vituo kadhaa huwanyang'anya sehemu ya saa wale waliopewa nyingi kisha wakazilalia, maana bila hivyo wote wangekuja kwa fujo miezi ya mwisho ya mwaka. Ndiyo maana pia programu inayosimamia foleni huwapenyeza wadogo. Mwenye kazi kubwa anahitaji robine nane zifunguke kwa mara moja. Wakati anangoja ya nane, zile saba zingekaa bure. Mwenye bidoni moja anaruhusiwa kuchota, mradi amalize kabla zamu ya mkubwa haijafika. Huo ni utaratibu mzuri, na hakuna anayeibiwa.

Ubaya uko mlangoni. Ili upewe saa nyingi, lazima uoneshe kwamba programu yako imeshakimbia vizuri kwenye mashine kubwa. Ili uioneshe, lazima uwe umeshapewa saa. Kijana yeyote wa Kivu aliyewahi kuombwa uzoefu wa miaka mitano kwa kazi yake ya kwanza anaujua mzunguko huo. Aliyepata mwaka jana anaandika makala, makala zinampa sifa, na sifa zinampatia saa za mwaka huu. Hakuna aliyefanya hila, lakini majina yanayorudi ni yale yale.

Ulaya kuna kanuni nyingine iliyo wazi zaidi. Mashine ya LUMI, iliyoko Kajaani, Finland, imegawanywa nusu kwa nusu: nusu ya saa ni ya mpango wa pamoja wa Ulaya, nusu nyingine ni ya nchi zilizochanga pesa, kila moja kwa kadiri ya mchango wake. Anayechanga anapata. Mkongomani akisoma kanuni hiyo anaweza kuuliza kama kobalti na koltani vinahesabiwa kuwa mchango. Havihesabiwi.

Jambo hili linagusa Kongo kwa karibu. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa na maji na mawe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Ili kompyuta ikadirie mvua, inagawanya nchi katika miraba. Mraba wa kilomita 25 kila upande unameza mlima, bonde na kipande cha ziwa, kisha unavipa vyote mvua moja. Ukiukata upande huo nusu, hesabu zinaongezeka karibu mara nane, kwa sababu muda nao lazima ukatwe vipande vidogo zaidi. Kushuka mpaka kilomita tatu, mahali ambapo mlima unaanza kuonekana kama mlima, kunadai hesabu karibu mara mia tano. Kazi hiyo haifanyiki kwenye kompyuta ya ofisini.

Mbele ya jopo la wasomaji, mradi huo unashindana na nyota zinazolipuka, na nishati ya muunganiko wa atomu, na sasa na akili mnemba ambayo haishibi. Wote wana haki ya kuuliza maswali yao. Lakini mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofika, Marekani iliunda muungano wa wenye kompyuta kuu, na miradi ya virusi ikasomwa haraka na kupewa saa bila kungoja msimu wa maombi. Kumbe foleni inaweza kupangwa upya pale wenye mashine wanapoona hatari ni yao.

Mashine iliyo karibu zaidi na Kongo kwa siasa iko Cape Town. Inaitwa Lengau, yaani duma kwa Kitswana, na ilizinduliwa mwaka 2016. Afrika Kusini ndiyo inailipia, na ni halali watafiti wake watangulie. Lakini nchi za SADC zimekubaliana kujenga miundombinu ya pamoja ya hesabu za kisayansi, na Kongo ni mwanachama. Iliongoza jumuiya hiyo toka Agosti 2022 mpaka Agosti 2023. Kwenye meza hiyo Kinshasa inapaswa kudai kitu kinachopimika: sehemu ya saa, hata moja ya kumi, itengwe kwa maswali ya hatari za wananchi, kwa waombaji ambao hawajawahi kupewa, na orodha ya waliopewa na waliokataliwa itangazwe pamoja na sababu. Muda wa majaribio usingoje huruma ya mkurugenzi.

Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya Cape Town. Mtafiti wa Bukavu akipewa saa hizo kesho, ataulizwa kwanza vipimo vya mvua ambavyo hesabu zake zitalinganishwa navyo. Vituo vya kupima mvua katika bonde la Kongo vimepungua sana tangu uhuru. Kipimo kimoja cha mvua ni chombo rahisi, pamoja na mtu anayelipwa mshahara wake ili akisome kila asubuhi saa moja na kuandika namba kwenye daftari.