Khatima ya Kisanduku
Nilipoitazama tena filamu ya The Conjuring ya mwaka 2013, ghorofani hapa Kibokoni, madirisha yakiwa wazi kwa upepo wa bahari, sikutishwa sana na yule mama aliyepagawa, bali na khatima ya filamu yenyewe: Ed Warren, mtaalamu wa mapepo, amekwisha kukiweka kisanduku cha muziki katika chumba alimohifadhi vitu vyote vya kishetani, nacho, pasi na mkono wa mtu, chafunguka chenyewe na kuanza kulia. Khatima hiyo naisadiki kuliko mayowe yote yaliyoitangulia, kwani wapungaji wa pwani yetu aghalabu hawakudai kumfungia pepo kabatini. Walimfukizia ubani, wakamwuliza jina lake na haja yake, wakamtolea ada aliyoitaka, hata akaridhia kutulia kichwani mwa mgonjwa, asiondoke.