Nusu ya Safari Isiyosimuliwa



Juma hili nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya adabu za kugawana mirathi. Lakini kuna jambo lililotokea nyumbani kwangu Jumatatu usiku, nalo limenikaa moyoni hata nikaona ni bora nililete mbele yenu, kwani yamkini nyumba nyingi za pwani zina kisa kama hiki. Jambo lenyewe linahusu pikipiki.

Baadhi yenu mwajua kwamba baada ya swala ya alasiri sisi wazee, pamoja na vijana wachache, hukaa barazani karibu na msikiti tukinywa kahawa chungu kwa kashata. Wapitao hudhani twazungumza siasa. Kwa kweli, aghalabu mazungumzo yetu huwa ni ya pikipiki. Yupo mzee aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, akivuka feri ya Likoni alfajiri na pikipiki yake. Husimulia jinsi sakafu ya feri inavyoteleza ikilowa, na jinsi alivyojifunza kushuka, akasimama kando ya chombo chake akiwa ameikaza breki ya mbele mpaka wafike ng'ambo. Yupo fundi asiyehitaji hata kugeuka: akisikia mngurumo tu atakwambia ni pikipiki ya nani, na kwamba cheni yake imelegea. Yupo kijana wa bodaboda aliyemkimbiza mama mjamzito hospitalini usiku wa manane, na asubuhi yake akapata habari kwamba mtoto amezaliwa salama. Kila akisimulia kisa hicho, macho yake hung'aa kana kwamba mtoto ni wake.

Mazungumzo haya yana ladha yake, wala sioni ubaya kwa watu kukumbushana safari zao za halali. Mimi nami nina fungu langu, na fungu langu ni Honda.

Ilikuwa Honda C70, niliyoinunua kwa mkono wa pili nikiwa kijana, mwalimu wa madrasa mwenye mshahara mdogo. Ni ya ukoo wa Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 duniani. Hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kama hicho. Haina klachi ya mkononi, hivyo mtu hubadilisha gia kwa mguu tu. Na mbele ya kiti pako wazi, kwa kuwa waliobuni walikusudia hata mtu aliyevaa sketi aweze kuipanda bila taabu. Hawakumfikiria mwalimu wa Kisauni aliyevaa kanzu, lakini walimfaa sana.

Kwa Honda hiyo nilikuwa nikitoka Kisauni mara mbili kwa juma kwenda kusomesha Takaungu, zaidi ya kilomita 40 kwenda tu. Nilikuwa nikipita Bamburi na Shanzu, nikavuka daraja la Mtwapa, kisha Kikambala, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyopangika safu kwa safu hata macho yachoke. Naikumbuka harufu ya mkonge uliovunwa, na upepo wa kusi ukiingia ndani ya mikono ya kanzu. Zilikuwa siku njema.

Na kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1997, wakati wa mvua kubwa za El Niño. Wanabaraza wamekisikia mara nyingi hata waweza kunisaidia nikisahau. Nilichelewa Takaungu kwa sababu ya darasa lililoendelea baada ya isha. Mvua ikanikuta barabarani, si mvua ya kunyesha bali ya kumwagika. Plagi ya Honda ile imewekwa mbele, chini, nyuma tu ya gurudumu, nayo ikawa inarushiwa maji mpaka injini ikakohoa ikazima hapo Vipingo. Nikaisukuma mpaka kwenye duka lililofungwa, nikajibanza chini ya paa lake. Mlinzi wa duka, mtu ambaye sikumjua wala hakunijua, akanipa kitambaa kikavu, tukaifungua plagi, tukaifuta, tukaipasha kwenye taa yake ya chemli. Nikaipiga kiki mara nyingi nisizozihesabu hata ikawaka. Kufika Mtwapa ikazima tena. Nikafika nyumbani saa nane za usiku, nimelowa mpaka mifupani, nacheka peke yangu. Hivyo ndivyo ninavyokimaliza kisa changu, na wanabaraza hucheka pamoja nami.

Sasa, kijana wangu wa mwisho amepata kazi, Alhamdulillah, na ameweka fedha za kununua pikipiki. Wenzake wa kazini huondoka pamoja siku ya Jumapili, wakaenda Kilifi au Watamu, wakala samaki, wakarudi jioni. Mama yake hakupendezwa. Jumatatu usiku, baada ya chakula, nikajitia wakili wa kijana. Nikakisimulia kile kisa cha mvua, kwa madoido yake yote, ili mama aone kwamba pikipiki hata katika usiku kama ule ilimrudisha mtu nyumbani. Kijana akacheka panapochekesha.

Mke wangu alikuwa akikusanya vyombo. Akavitua.

"Maalim," akasema, "hadithi hiyo hujaimaliza."

"Nimeimaliza. Nilifika salama."

"Hiyo ni nusu yako. Nusu ya pili ninayo mimi, na haijapata kuulizwa."

Kisha akakaa, akamwelekea kijana wake na si mimi.

"Dada yako mkubwa alikuwa na miezi minane, na mwili wake ulikuwa moto kwa homa. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Saa tatu nilimpakulia baba yako, nikafunika. Saa nne nikazima jiko. Kila pikipiki iliyopita niliisikiliza mpaka ipotee, maana ya baba yako nilikuwa naijua, ilikuwa na kikohozi chake. Saa sita nikamgongea jirani. Mume wake akatoka na mwavuli mpaka barabara kuu, akarudi peke yake, wala hakuniambia neno. Alitikisa kichwa tu. Kanzu ya Ijumaa ya baba yako nilikuwa nimeipiga pasi, nimeitundika ukutani. Niliiteremsha nikaikunja nikaitia sandukuni, kwa sababu sikuweza kuitazama, nyeupe vile, haina mtu ndani yake. Saa nane akafika. Akaniuliza, chakula kipo? Nikampashia. Akala akicheka, akanipa habari za plagi. Kisha akalala. Mimi sikulala."

Wasomaji wangu, nimesomesha kwa zaidi ya miaka 30, na sikuwa na jawabu. Nilikumbuka kwamba usiku ule alikuwa kimya, nami nikadhani amechukizwa kwa kuwa nimemkesheza. Sikumuuliza. Kwa miaka hii yote nimekuwa nikikizungusha kisa kile barazani kama sahani ya halua, na siku moja sikupata kujiuliza aliyekuwa upande wa pili wa mlango alikuwa na hali gani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nilikuwa naishi na mwenye kitanda.

Kijana akauliza taratibu, "Kwa hivyo wakataa, Mama?"

"Sikukataa," akamjibu. "Nimekutajia bei yake yote, maana dukani wamekutajia nusu."

Tangu usiku ule nimekuwa nikiifikiri ile dua ya kupanda chombo, iliyotoka katika Surat Zukhruf, tunayowahifadhisha watoto wetu wangali wadogo. Wengi wetu huisoma kama ufunguo wa kuwashia injini. Lakini dua ile haiishii kwenye kumtakasa Mwenyezi Mungu aliyetutiishia chombo tusichokuwa na uwezo nacho. Inamalizia kwa kumkumbusha mpandaji kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Mtu anayelitamka neno hilo kwa moyo ulio macho hawezi kisha akavunja taa nyekundu pale Bamburi.

Wala tusiseme kwamba mauti ni kudura, basi na iwe. Mwajua habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, naye akaagizwa amfunge kisha atawakali. Mimi katika miaka yangu ya Takaungu nilivaa kofia ya kitambaa. Nilitawakali bila ya kufunga. Kusalimika kwangu ni rehema ya Mola. Haikuwa hoja, nami nilikosea kuitoa kama hoja mbele ya mwanangu.

Hali ya leo, tena, si ya wakati ule. Tangu mwaka 2008 serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, zimejaa katika kila mtaa, na vijana wetu wengi wamepata riziki ya halali kwazo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini barabara ya Malindi niliyoijua mimi haikuwa na malori na magari ya wingi huu. Sheria ya trafiki yamtaka mpandaji avae kofia ngumu na koti lenye kumeremeta, na abebe abiria mmoja tu. Sheria hiyo yaafikiana na dini, kwa kuwa mwili ni amana na mwenye amana ataulizwa.

Kwenu nyinyi kina mama mnaopanda nyuma, niruhusuni maneno machache ya mtu aliyeona mengi. Buibui ni stara, lakini pindo lake likining'inia hunaswa na njiti za gurudumu au cheni, na likinaswa humvuta mtu chini kabla hajapata kupiga kelele. Kabla chombo hakijaondoka, likusanye pindo lote ulikalie, na ncha za mtandio uzifutike ndani. Wengi wenu hukaa upande kwa kuona haya. Vaeni suruali pana ndani, mkae kwa kupanua miguu, nyayo zote mbili zikanyage vikanyagio; hilo ni salama zaidi, na stara haikuletwa ili itudhuru. Jihadharini na bomba la moshi, lisiwaunguze muundi wakati wa kushuka. Mtoto asiwekwe mbele juu ya tangi, hata kama safari ni ya mpaka dukani. Ama suala la mwanamke kupanda nyuma ya asiyekuwa maharimu wake, lina maneno yake, nami nitalileta juma jingine inshaallah.

Na kwenu wanaume na vijana, nasihi yangu ni moja, nayo imenigharimu. Mkirudi, kabla hamjaanza kusimulia safari yenu, ulizeni yaliyopita nyumbani mlipokuwa njiani. Siku hizi simu i mfukoni. Neno moja, "nimefika Kilifi", laweza kumlaza mama yako usingizi. Na mkikaa barazani, msihesabu mwendo wa kasi kuwa ndio ushujaa. Mzee wetu wa bandarini hajapata kujisifu kwa kasi hata siku moja. Sifa yake ni kwamba alivuka Likoni miaka yote ile na kila jioni akarudi.

Kijana wangu ameinunua pikipiki yake siku ya Alhamisi. Kabla ya kuileta nyumbani alipita kununua kofia ngumu mbili, moja yake na moja ya mama yake, akamwonyesha. Mama akaigeuza mikononi, akaujaribu mkanda wa kidevuni, akasema imekaza. Hajapanda bado, wala sina hakika kama atapanda. Lakini ameitundika ukutani, kwenye msumari ninapotundika kanzu yangu ya Ijumaa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walioko njiani, awape subira wanaowangoja, na aturudishe sote majumbani mwetu kwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.