Posho ya Matibabu Mkononi? Piga Hesabu Kwanza

Mwisho wa mwezi, mawakala wetu wa Makupa hawapumziki. Watu wanashuka matatu zinazotoka Changamwe, wanatoa pesa, wanatuma nyumbani, wanalipia nyumba, wananunua tokeni za stima. Ikifika tarehe 10 hivi, mambo yamebadilika. Mtu aliyelipwa juzi tu anatafuta mkopo wa simu, na sababu ni ileile tuliyoizoea: mtoto anaumwa.

Wengi wao si watu wasio na kazi. Wana ajira, na kwenye peslipu kuna mstari umeandikwa "posho ya matibabu". Sasa pesa hiyo ilikwenda wapi?

Tutasema maoni yetu wazi, ijapokuwa biashara yetu ni kupitisha pesa kwenye simu. Kama umeajiriwa, pesa ya matibabu isianzie kwenye simu yako. Mwajiri ailipe moja kwa moja kwa bima au kwa hospitali, kabla KRA haijachukua chake.

Tupige hesabu. Mchukue karani wa ghala mwenye mshahara wa jumla wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ndani yake, 5,000 ni posho ya matibabu. Kwa sheria ya ushuru, posho ya pesa taslimu ni mshahara tu, hata ikipewa jina gani. Katika hizo 5,000, SHIF inachukua asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, halafu PAYE inakata asilimia 30 ya kinachobaki, kwa sababu karani wetu yuko kwenye daraja hilo. Hata bila kuhesabu NSSF, kinachofika mkononi ni kama 3,350. Kwa mwaka, mwajiri ametoa 60,000 na karani amepata kama 40,200. Karibu 20,000 zimekwenda, na hakuna aliyepimwa hata presha.

Sasa mwajiri yuleyule akizichukua 60,000 zilezile na kuzilipa kwenye bima ya afya ya wafanyakazi wake, hali ni tofauti kabisa. Sheria ya Ushuru wa Mapato haihesabu matibabu au bima ya matibabu inayolipwa na mwajiri kuwa mapato ya mfanyakazi wake wa kudumu. Shilingi 60,000 zinafanya kazi ya shilingi 60,000.

Tunajua utakachosema. Pesa mkononi ina uhuru: mwezi usio na ugonjwa, inalipa karo. Ni kweli. Tena bima ina mipaka yake, na kuna hospitali haiingii. Lakini jiulize mwenyewe: miezi kumi isiyo na ugonjwa, ile posho uliiweka mahali? Kama uliiweka, hongera. Wengi wetu tuliila, na mwezi wa kumi na moja tukakopa. Mkopo nao una riba, kwa hiyo homa moja inalipiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ushuru, mara ya pili kwa riba.

Kwa hiyo, usiende kwa bosi kuomba nyongeza. Nenda na wenzako mkaombe kitu rahisi zaidi: hiyo posho igeuzwe bima ya kikundi. Mwajiri hatoi zaidi ya anachotoa sasa, na kundi la watu kumi au ishirini lina nguvu ya kujadiliana bei kuliko mtu mmoja. Kabla ya kukubali, ulizeni mambo matatu: mke au mume na watoto wamo? Ugonjwa uliokuwapo kabla unalipiwa? Na ni kliniki zipi za kisiwani zinazopokea kadi? Kadi inayokuvusha daraja kwenda kutafuta daktari wakati mtoto ana homa usiku haijakusaidia sana.

Wakati uko kwenye peslipu, angalia na mstari wa SHIF. Tangu SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Karani wetu anatoa 1,650. Watu wamelalamika, na sababu wanayo. Lakini wengi hawajui kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango huo unatolewa kwanza, ndipo PAYE ihesabiwe. Kwake yeye hiyo ni ahueni ya shilingi 495 kila mwezi. Sheria ya Fedha ya 2025 nayo inamtaka mwajiri akupe punguzo zote unazostahili anapokokotoa PAYE. Kama kwenu hesabu bado inafanywa kizamani, uliza. Si ukorofi, ni haki yako.

Kuna milango mingine miwili. Ukijinunulia bima ya afya mwenyewe, unarudishiwa kwenye ushuru asilimia 15 ya unacholipa, mradi isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Mpe mwajiri cheti cha bima, au kiweke kwenye ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Mlango wa pili ni mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu: hadi 15,000 kwa mwezi hazikatwi ushuru. Ila huo ni wa uzeeni. Usiuwekee matumaini ya malaria ya wiki ijayo.

Na sisi wa pesa za simu tuko wapi hapo? Hapa lazima tuwe wakweli. Marekani wana akaunti za FSA na HSA, ambazo mfanyakazi anatenga mshahara kabla ya ushuru kwa ajili ya daktari, dawa na hata miwani. Nazo zina masharti: kwa FSA, pesa usiyoitumia ndani ya mwaka inaweza kukupotea, na HSA ni ya wenye bima za aina fulani tu. Kenya hatuna akaunti kama hiyo. Kilichokaribia ni mkoba wa simu wa matibabu. M-TIBA ilionyesha kwamba pesa inaweza kufungwa kwenye simu isitumike ila kwa matibabu. Lakini mshahara unaouingiza kwenye mkoba wa namna hiyo umeshakatwa ushuru. Unakusaidia kujizuia. Haukupunguzii KRA hata ndururu.

Maoni yetu ni kwamba Bunge lifikirie mkoba uliofungwa namna hiyo, ujazwe kutoka kwenye mshahara kabla ya ushuru, kwa kikomo, kama ilivyofanywa kwa mfuko wa wastaafu. Ndiyo, tungefaidika, na hatulifichi hilo. Lakini mgonjwa wa leo hana haki ndogo kuliko mgonjwa wa uzeeni.

Hata hivyo, kibarua wa Kongowea na dereva wa tuktuk hawakatwi PAYE, kwa hiyo punguzo la ushuru haliwagusi. Kwao, kujiandikisha SHA kupitia *147# na kutenga kidogo kila siku kwenye mkoba wa pembeni ndiyo njia iliyopo. Si sawa na karani, na hatutajifanya ni sawa.

Wewe uliyeajiriwa, mwezi huu kabla hujatoa pesa, soma peslipu. Ukiona "posho ya matibabu", piga picha, waonyeshe wenzako, mwende pamoja kwa HR. Wakala wetu wa Makupa atakungoja, haendi popote.