Kukaliwa Chapati Si Kichekesho

Mtaa wa Tuwan hapa Kitale hauna siri. Vyumba vimeshikana ukuta kwa ukuta, na sufuria ikirushwa huku, wa pili anaisikia. Mwanamke akilia usiku, huenda jirani akabisha mlango. Mwanamume akipigwa, watu hucheka. Kufika asubuhi kwenye steji ya boda boda, habari imemtangulia: amekaliwa chapati, yaani ametawaliwa na mkewe. Naye huvuta kofia hadi kwenye nyusi na kusema aliteleza bafuni.

Najua uzito wa kuyaandika haya Trans Nzoia. Ni katika kaunti hii, Septemba 2024, mwanariadha Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mpenzi wake, akafariki Eldoret siku chache baadaye. Hesabu nazo haziko sawa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili au wa kingono na waume zao. Kwa wanaume waliowahi kuoa, asilimia 9. Anayedai mizigo hii inalingana anapotosha. Lakini tisa kati ya mia ni watu. Kumsikiliza mmoja wao hakumpunguzii mwanamke yeyote haki yake.

Ndiyo maana sikuwahi kuridhishwa na Maendeleo ya Wanaume, kundi linalodai kutetea waume. Mwaka 2012 kiongozi wake, Nderitu Njoka, aliwahimiza wanaume wasusie chakula cha wake zao. Jambo la maumivu likageuka vita vya waume na wake, na kicheko kikazidi.

Sheria yenyewe haibagui. Ile ya 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamhusu mume kama inavyomhusu mke: kipigo, udhalilishaji, uharibifu wa mali, hata kubanwa kiuchumi. Mahakama inaweza kutoa amri ya kinga. Mlalamishi anaweza pia kuomba aandikishe taarifa kwa afisa wa jinsia yake. Kwa mwanamke hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mwanamume wa Tuwan, afisa mwanamume huenda ndiye atakayemuuliza, “Mwanamume mzima, umeshindwa na mke?”

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa. Yule aliyesema aliteleza bafuni, alisema hivyo hivyo zahanati, na daktari akaandika alivyoambiwa. Siku atakapopata ujasiri wa kwenda polisi na kupewa fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, karatasi ya zahanati itampinga. Aibu imekwisha kumharibia ushahidi. Na akirudisha kofi moja tu, yeye ndiye mshtakiwa.

Basi mwingine hupanda matatu kwenda kwao Bungoma. Huko wazee humkalisha, wakauliza habari za mahari na watoto, kisha wakamwambia arudi akatawale nyumba yake. Ajikaze kisabuni. Sijui ni ushauri gani mwingine humrudisha mtu kwenye hatari huku ukiitwa hekima. Wangemuuliza kwanza jeraha lile la jichoni amelipata lini, na kama ni la kwanza.

Nambari ya kitaifa ya 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Lakini apigie wapi? Chumbani mke yumo, ukutani jirani anasikiliza, na kwenye steji wenzake wanamngoja.