Daftari la Wiki: Mkutano na Mahali Pake

Kabla ya kuwa kikao, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kama yale ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jioni wazee huketi hapo, muuza kahawa akapita na dele lake na vikombe visivyo na mkono, na habari za mji zikachambuliwa. Mahali pa kukaa pakawapa jina wanaokaa, na leo kuna Baraza la Mawaziri.

*

Nairobi nako jina limeng'ang'ania. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kuhifadhi nyumba na ngoma za jadi. Kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004, wajumbe zaidi ya 600 walikutana hapo kujadili katiba mpya, kamati zao nyingine zikiketi ndani ya mahema. Walichokipitisha kinaitwa Rasimu ya Bomas hadi leo.

Warsha ngapi za hotelini zinakumbukwa hivyo? Kiyoyozi kilekile, viti vilevile vilivyovishwa vitambaa vyeupe, chupa ya maji mbele ya kila mjumbe. Wiki moja baadaye, mshiriki hajui hata ilikuwa hoteli gani.

*

Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kufukuzwa. Iliwahi kuwa gereza. Tangu tamasha la Sauti za Busara lianze mwaka 2004, kuta hizo za mawe zimepokea wanamuziki kutoka pande zote za Afrika, na ukitoka nje tu unakutana na moshi wa mishikaki ya bustani ya Forodhani.

Uzuri huo una masharti yake. Ua wa ngome hauna paa, kwa hiyo masika si wakati wake. Ngazi za mawe ni ngumu kwa mzee na kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Umeme, vyoo na maegesho vikaguliwe mapema, kwa macho, si kwa simu.

*

Msimu wa mikutano mikuu ya vyama na vikundi unakuja. Makatibu wanaoandaa bajeti, kabla ya kulipia ukumbi wa hoteli, waulize kwanza makumbusho, boma la zamani au kituo cha utamaduni kilicho karibu nao. Majengo hayo yanahitaji fedha za matengenezo, na yanahitaji watu ndani yake.