Ethiopia ilivyowanenepesha Al-Shabaab

AL-SHABAAB kwa Kiarabu ni ‘vijana’. Tumelisikia jina hilo kwenye taarifa za habari hadi tumesahau maana yake. Mnamo 2006 hao vijana walikuwa tawi dogo tu la Muungano wa Mahakama za Kiislamu, waliowatimua wababe wa vita na kuteka Mogadishu mwezi Juni. Leo ndio wanaowanyima watu usingizi Lamu, Mandera na Garissa. Ni nani aliyewakuza?

Wengi walichangia, lakini jeshi la Ethiopia lilichangia pakubwa.

Lilivuka mpaka Desemba 2006 kuiokoa serikali ya mpito ya Abdullahi Yusuf, iliyokuwa imebanwa Baidoa. Siku chache baadaye Mogadishu ikaanguka bila upinzani mkubwa. Waziri Mkuu Meles Zenawi akasema eti wanajeshi wake wangetoka baada ya wiki chache. Walitoka Januari 2009. Wiki gani hizo, jamani?

Kuingia kulikuwa rahisi. Kukaa ndiko kulikowaponza. Nchi hizi mbili zilipigania Ogaden 1977 na 1978, na kidonda hicho hakijapona. Ukimweka askari wa Ethiopia kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, umewapa Al-Shabaab hotuba iliyokwisha kuandikwa. Hata Wasomali ambao hawakutaka kabisa siasa zao kali walikubaliana nao kwa jambo moja: mgeni aende kwao.

Kisha yakaja mapigano ya Machi na Aprili 2007. Waasi walikuwa wakifyatua makombora kutoka mitaa ya raia, halafu wanatoweka. Waethiopia walijibu kwa mizinga, mitaa ikageuka vifusi. Mamia ya raia waliuawa. Maelfu kwa maelfu walikimbia, wengi wakajenga vibanda vya matambara kando ya barabara ya Afgooye. (Anayejificha nyuma ya nyumba za watu kurusha kombora naye ana damu mikononi, simtetei.) Lakini kijana aliyemfukua mamake kwenye kifusi, nani ana haja ya kumshawishi ajiunge na vita?

Nasi Wakenya tulikuwemo. Januari 2007 serikali yetu ilifunga mpaka wakati watu wakikimbia. Baadhi ya waliokamatwa upande huu walipandishwa ndege wakarudishwa Somalia, wengine wakaishia korokoroni Ethiopia.

Agosti 2008 Al-Shabaab wakateka Kismayu. Waethiopia walipofunganya virago tu, wakaingia Baidoa, mji uleule uliokuwa unaokolewa. Cha kushangaza zaidi, mwezi huohuo wa Januari 2009, Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa zile Mahakama zilizofurushwa, alichaguliwa rais wa Somalia huko Djibouti. Damu yote hiyo, halafu mnarudi kwa mtu yuleyule! Tofauti ni kwamba lile tawi dogo sasa lilikuwa jeshi.

Mbona tunafukua haya? Kwa sababu Oktoba 2011 sisi pia tulivuka. Kulikuwa na sababu: wageni walikuwa wakitekwa nyara katika ardhi yetu. Tena KDF si Waethiopia wa 2006. Tangu 2012 wako chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, na serikali ya Somalia imeridhia. Hata hivyo, Westgate ilishambuliwa 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa 2015, ambako watu 148 waliuawa. Tulikuwa tumeambiwa tunaenda huko ili vita visitufikie hapa.

Wanaotumwa Jubaland ni rika letu. Hebu wabunge wanapopitisha bajeti ya ulinzi wawaulizie: watarudi lini, na ni nini kitakachoonyesha kwamba kazi imekwisha? Kikosi cha ATMIS kilikuwa kifunge kazi Desemba 2024. Januari 2025 kikaja kingine, AUSSOM, na wanajeshi wetu bado wako huko.