Televizio inaonyesha pori, lakini mwenye shamba haonekani

Jioni, kama pano ya sola ilipata jua ya kutosha, nyumba ya video iliyo karibu na barabara hapa Runingu inajaa vijana. Wanalipa franka kidogo na kukaa kwenye mabenchi. Zamani ilikuwa mpira na filme za ngumi tu. Sasa parabola inaleta pia vipindi vya watu wanaoishi na kutumika porini: Wazungu wa Alaska wanaojijengea nyumba ya miti peke yao katikati ya barafu, Wamarekani wanaoangusha miti mirefu kuliko kanisa letu. Mimi niliingia mara tatu. Siwezi kudanganya, nilipenda. Ile tronsonezi inakata muti kama kisu ndani ya ndizi.

Lakini nilipotoka mara ya tatu kijana moja, mutoto wa jirani, aliniuliza: «Baba, mashini kama ile inauzwa ngapi?» Nikajiuliza mbona hakuuliza kwanza: lile pori ni la nani, na nani atapanda tena?

Hakuuliza kwa sababu kipindi chenyewe hakisemi. Chukua Ax Men, ambacho kilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2008 na kikawafuata wakataji wa miti wa Oregon. Unaona matope, kamba za chuma, watu wanatukanana, muti unaanguka karibu umuue mutu. Pori linakuwa kama adui wa vita. Sasa, kule Oregon kuna sheria ya mwaka 1971 inayomulazimisha mutu aliyekata pori apande miti mingine. Jambo hilo kwa mukulima lina faida kuliko mashini yote, lakini katika kile nilichoona mimi, hakuna aliyelisema hata kwa dakika moja. Mutu anayepanda muche hapigi kelele, basi kamera inamupita.

Filme zinazosema juu ya kwetu nazo ziko na shida yao. Wengi munajua ile inayoitwa Virunga, ya mwaka 2014. Ni filme ya nguvu, inaonyesha walinzi wa hifadhi na ngorila, na hatari wanayopata. Walinzi wengi wamekufa kweli, na biashara ya makala kule imelisha watu wa bunduki kwa miaka mingi. Hayo sikatai. Ninachokataa ni namna picha za aina hiyo zinavyotuzoesha kuona kila mutu mwenye mufuko wa makala kama mwizi. Mama anayeshuka kutoka milimani na mufuko moja mugongoni, apate pesa ya shule na ya dawa, hana bunduki. Hata mutu wa muji anayetazama televizio Uvira au Bukavu, akimaliza kulaumu wachoma makala, anaenda jikoni na kuwasha mbabula. Makala ya nani ile?

Tuliyaona wenyewe. Kuna wakati watu wa kamera walipita upande wetu. Sitasema walitumwa na nani. Walimukuta mama moja kwenye tanuru, wakamuomba afungue udongo kidogo ili moshi utoke mwingi, juu moshi ni muzuri kwa picha. Alifungua. Kila mutu aliyechoma makala anajua matokeo yake: hewa iliingia, moto ukapanda, sehemu kubwa ikageuka majivu. Walimushukuru na kuondoka. Kisha picha ikazunguka kwenye matelefone, uso wake wazi, na maneno juu ya «waharibifu wa mazingira». Siku ya soko watu walimucheka. Alipoteza makala na heshima siku moja, na hakuna aliyemuuliza kwa nini anachoma makala badala ya kulima.

Jibu lake lingekuwa kipindi kizima. Munalijua. Shamba analolima hapa bondeni si lake. Anakodi kwa musimu, na mwenye udongo amemuambia wazi: panda mahindi, panda maharagi, panda muhogo kama utaungoa mapema, lakini muti usipande. Kwa sababu kwetu muti ni kama sahihi. Aliyepanda muti anaweza kesho kusimama mbele ya mwami na kusema hapa ni pangu. Mwenye udongo anaogopa, na mimi ningekuwa yeye labda ningeogopa vilevile. Matokeo ni kwamba mutu asiye na udongo hawezi kupanda kuni zake mwenyewe, hata akipewa miche elfu moja ya bure. Tumeona miche ikikauka ndani ya mifuko yake ya plastiki nyuma ya nyumba, na ripoti inaandika kwamba wakulima hawana mwamko. Mwamko upo. Mahali pa kupanda ndipo hapapo.

Kivu ya Kaskazini walijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2007 mupango wa EcoMakala, ambao WWF iliuanzisha pamoja na mashirika ya pale, umesaidia wakulima kupanda ekaliptisi, akasia na miti mingine ndani ya mashamba yao wenyewe ili wachome makala bila kuingia Virunga. Angalieni neno «yao wenyewe». Pale penye udongo wenye mwenyewe, muti unakuwa zao kama kahawa. Kwa wale wa milimani, ambako pori la kimila bado lipo, kuna pia dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inayoruhusu kijiji kuomba pori lake kama la jamii, mpaka hekta 50.000. Sijaona kipindi cha televizio kinachotufundisha namna ya kuandika ombi hilo.

Na kazi yenyewe ya tanuru? Kwa tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala. Ukikausha kuni vizuri, ukazipanga bila kuacha mashimo, ukaweka bomba la moshi kama wanavyofanya kwenye tanuru ya Casamance ya Senegal, unaweza kufika 25 na zaidi. Maana yake mufuko uleule unaweza kutoka kwa nusu ya miti. Watu wa Uvira wanaokumbuka Aprili 2020, wakati muto Mulongwe ulipoingia mitaani, ukaua watu na kubeba manyumba kwa maelfu, wanajua kwa nini muti unaobaki juu mulimani si mambo ya Wazungu peke yao. Mulima uchi haushiki maji. Lakini kuonyesha tanuru tangu kupanga kuni mpaka kupima mifuko kunachukua siku nyingi, na kamera ina haraka.

Zipo filme nzuri, na ndizo ninaziomba. Mwaka 2010 ilitoka filme juu ya Yacouba Sawadogo, mukulima wa Burkina Faso. Udongo wake ulikuwa mugumu kama saruji. Alichimba mashimo madogo wakati wa kiangazi, akatia samadi ndani, akangoja mvua. Mbegu za miti zilizokuwa ndani ya samadi ziliota pamoja na mutama, naye akaziacha zikue. Majirani walimuita kichaa, na pori lake lilichomwa moto. Alianza tena. Unaona shimo, unaona mukono wake, unaweza kurudi nyumbani na kujaribu. Kisha inakuja sehemu inayouma: muji ulipopanuka, serikali ilikata viwanja ndani ya pori alilopanda, kwa sababu hakuwa na karatasi. Alipewa tuzo kubwa za dunia kabla hajafa mwaka 2023, lakini shida ya karatasi yake ndiyo shida ya yule mama wa kwetu.

Kenya nako, tangu 2012, kuna Shamba Shape Up: wanaenda kwa mukulima mudogo, wanaangalia ngombe, mahindi na udongo wake, wanafanya kazi pamoja naye mbele ya kamera. Ukitazama unaona mutu kama wewe. Kinasemwa pia kwa Kiswahili, vijana wetu watasikia.

Kwa hiyo, ndugu wa kooperative, mukutano utakapozungumza juu ya projektere tuliyoahidiwa, mimi nitainua mukono. Tuanze na filme ya Sawadogo, na mutu moja atafsiri Kifaransa kwa Kifuliiru kwa ajili ya wazee. Na watu wa kamera wakija tena, wakae mpaka tanuru ifunguliwe, waandike uzito wa kuni na wa makala, wamuonyeshe mwenye kazi picha zake kabla hawajaondoka. Wakiomba moshi mwingi, walipe mufuko utakaoharibika. Wenye udongo nao waalikwe siku hiyo, wakae benchi ya mbele. Nataka niwaulize, filme ikiisha na taa ikiwaka: tukiandika kwenye karatasi, mbele ya shefu na mashahidi, kwamba muti ni wa mukodishaji na udongo ni wa mwenyewe, mutaturuhusu kupanda hata mistari miwili ya grevilea kwenye mupaka?